Kilomita 220 za Maji

Ukiiuliza kompyuta umbali wa Musoma hadi Bukoba, inapiga mstari mnyoofu juu ya Ziwa Victoria na kukupa kama kilomita 220. Ndege ya pangaboi ingemaliza safari hiyo kwa nusu saa hivi. Shida iko kwenye hilo "ingemaliza".

Unguja na Pemba ni visiwa kweli, lakini wana boti na vindege. Mtu wa Chake Chake akifiwa Mjini anaweza kuwahi. Sisi wa pwani za ziwa tuko bara, na wakati mwingine tumezingirwa kuliko wao.

Baba alifariki Butiama usiku wa Jumapili. Mdogo wangu wa kike kaolewa Bukoba. Wazee walishapanga maziko Jumanne saa nane mchana. Mimi nikaomba wasogeze hadi Jumatano. Baba mdogo akanishangaa: "Bukoba si hapo ng'ambo tu?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Yeye ni wa enzi zile kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, meli zilipokuwa zikizunguka ziwa: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Ikabidi nichukue kijiti nimchoree chini: Muleba, Chato, Geita, kivuko cha Busisi, Mwanza, Magu, Lamadi, Bunda. Zaidi ya kilomita 600, kulizunguka ziwa kwa kusini ili kufika upande wa pili. Akaangalia mchoro, akaangalia saa. "Jumanne," akasema. "Wageni watakula nini hadi Jumatano?" Na kweli, msiba una gharama zake.

Mdogo wangu akapanda basi Jumatatu alfajiri. Busisi walikaa kwenye foleni ya kivuko hadi akaacha kunijibu meseji. Mwanza kafika usiku, magari ya huku yameshaondoka, akalala gesti karibu na stendi na mtoto wake mgongoni. Jumanne wakapata pancha Lamadi. Saa sita na nusu simu ikaita: "Kaka, nipo Bunda. Mmeshafukia?"

Nikamwambia bado. Nikamtafutia gari dogo, nikarudi kukaa na wazee, na mchungaji nikamwomba asiharakishe mahubiri. Mtu mwema yule. Alihubiri mpaka watu wakaanza kukohoa.

Alishuka jeneza likiwa limeshatolewa nje. Wakalifungua tena. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyemshika mkono, akamsogeza karibu, akamwondolea mtoto mgongoni.

Tangu Juni 2025 pale Busisi kuna daraja, kilomita 3 juu ya maji, na foleni ile imekwisha. Mwaka huu alipokuja kujengea kaburi aliniambia ameokoa saa kadhaa. Mwanza bado analala.