KANISA LILILOCHORWA NA MWANAMKE

Tembea uone, walisema wahenga, nao hawakukosea. Mpenzi msomaji, huenda umepita mara mia mbele ya Kanisa Kuu la Familia Takatifu jijini Nairobi, macho yako yakiwa kwenye magari na wachuuzi, usiinue uso hata mara moja. Mimi pia nilikuwa hivyo. Leo nataka nikushike mkono tuingie ndani pamoja, maana niliyoyaona humo yalisaidia kuamua jambo ambalo kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hana budi kuliamua, yaani masomo atakayoyachukua hadi mtihani wa mwisho.

Kabla ya likizo ya Desemba mlezi wa chama chetu alitupa kazi. Kila mwanachama atafute jengo mashuhuri, alitembelee, kisha alieleze kwa Kiswahili kitupu bila kuchomeka Kiingereza. Wengi walikimbilia jumba la KICC. Mimi nilichagua kanisa hili kwa sababu moja tu: nilikuwa nimesoma katika kitabu cha maktaba kwamba aliyelichora ni mwanamke, Dorothy Hughes. Nyumbani kwetu wakati huo kulikuwa na vuta nikuvute. Nilitaka kuchukua Fizikia. Shangazi yangu akashikilia kwamba Fizikia ni ya wavulana, eti msichana atahangaika bure na mwishowe aanguke mtihani. Baba yeye alinyamaza tu, wala sikujua yuko upande gani.

Baba ni mtu wa mjengo. Hubeba saruji na kokoto kwa karai, na siku nyingine hushika mwiko fundi akimruhusu. Nilipomwomba anisindikize alishangaa, lakini Jumamosi moja baada ya kulipwa alikubali. Tuliabiri matatu kutoka mtaani, tukashuka Ronald Ngala, tukavuka Moi Avenue na kufuata City Hall Way. Tuliipita Mahakama ya Juu, tukaipita KICC, na mara kanisa likatutokea upande wa kushoto, likitazamana na City Hall.

Kwa nje ni jengo refu la rangi ya kijivu lenye mnara mwembamba. Mtu aliyezoea makanisa ya vigae na matao anaweza kusema, "Kwani hili nalo lina nini?" Mlangoni Baba alisimama akavitazama viatu vyake. Vilikuwa na saruji iliyokauka. Akavipangusa kwa gazeti, akavipangusa tena. Mlinzi akamwambia, "Ingia tu mzee, karibuni." Basi tukaingia.

Jameni! Sisi husali katika kanisa la mabati ambalo mvua ikinyesha mhubiri hunyamaza hadi iishe. Humu ndani kelele zote za jiji zilibaki nje. Kila kitu kimesimama wima. Kuta zinapanda, mistari inapanda, na madirisha marefu membamba yenye vioo vya rangi yanapanda nayo, hata shingo yangu ikaanza kuuma kwa kutazama juu. Nilijihisi mdogo kama sisimizi, lakini sikuogopa. Nadhani hilo ndilo alilolikusudia mchoraji.

Niliketi kwenye benchi nikafungua daftari. Niliandika kwamba mahali hapa palikuwa na kanisa la mawe lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, Nairobi ikiwa bado kijiji cha reli. Waumini walipozidi, likaondolewa na hili likajengwa. Lilikamilika mwaka wa 1963, mwaka uleule tuliopata Uhuru. Mwaka wa 1982 likapewa hadhi ya basilika ndogo. Dorothy Hughes mwenyewe alizaliwa London mwaka wa 1910, akaja Kenya angali mtoto. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya kusanifu majengo katika Afrika Mashariki, na hata akaketi katika Baraza la Kutunga Sheria wakati wa ukoloni.

Baba hakuwa na haja na daftari langu. Alikuwa akiupapasa ukuta kama mkulima anayepapasa ng'ombe sokoni. Akaniita kwa sauti ya chini, "Mama," kwani nimepewa jina la mama yake, "haya si mawe. Hii ni konkriti."

"Kitabuni inaitwa zege, Baba."

"Iite unavyotaka. Ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Ukiikandamiza ina nguvu ajabu. Ukiivuta, inakatika. Ndiyo sababu tunalaza vyuma ndani yake. Pale konkriti inaposhindwa, chuma kinashika. Na ukishaimimina kwenye kasha la mbao, usidhani kazi imekwisha. Lazima uinyweshe maji kila siku, la sivyo inapasuka. Ikifika siku 28, hapo unaweza kuiamini."

Nilimtazama kwa mshangao. Mkandamizo, mvuto, uzito, yote ni mambo ya darasa la Fizikia, na Baba alikuwa ameyajua kwa mikono yake miaka yote hiyo. Kumbe hata nyumbani kwetu Fizikia haikuwa mgeni!

Tulipotoka tulitembea hadi Kanisa la Watakatifu Wote, lile la Waanglikana karibu na Uhuru Highway, ili nilinganishe. Lile limejengwa kwa mawe ya kuchonga, na ramani yake ilichorwa na Mwingereza aitwaye Temple Moore. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka wa 1917, lakini kanisa halikuwekwa wakfu hadi mwaka wa 1952. Hesabu mwenyewe, msomaji: miaka 35! Baba alilipenda sana. Mimi moyo wangu ulikuwa umebaki kule kwenye zege.

Tukiwa tumeketi nje tukila mahindi ya kuchoma, Baba aliniuliza swali lililonikwama kooni. "Huyo mama alichora, sawa. Na waliobeba karai je? Kitabu chako kimewataja?"

Nikasema hapana. Kitabu kilitaja msanifu na mwaka, basi.

"Nimejenga nyumba nyingi katika mji huu," akasema. "Zikiisha, sijui hata moja ninayoweza kuingia nikaambiwa karibu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa ndani ya jengo kubwa na kulitazama tu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Chukua hiyo Fizikia. Shangazi yako nitaongea naye mimi."

Basi nimeichukua. Muhula wa kwanza nilipata C, alama ambayo si ya kujivunia sana, lakini shangazi alipoiona alisema "mmh" na hakuongeza neno. Darasani wasichana tuko sita.

Wasichana wenzangu, msikubali kutishwa na jina la somo. Yule mama alichora jengo linalobeba maelfu ya waumini wakati ambapo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Nanyi mnaoandika historia ya majengo yetu, kumbukeni kwamba mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Ramani haijijengi. Mwenyezi Mungu akinijalia nikawa msanifu, nitaweka bamba dogo mlangoni mwa kila nyumba nitakayoichora, na juu yake yataandikwa majina ya waliobeba karai, mmoja baada ya mwingine, hata kama bamba litakuwa refu kama mlango wenyewe.