KISHIKWAMBI KIDOGO AU KIKUBWA? (Mfululizo wa Mama na Mwana, Sehemu ya 9)

Leo nimetoka zamu mapema, umeme upo, kwa hiyo tuongee vizuri.

Sehemu ya 8 tuliongelea homa ya usiku. Cha ajabu, meseji nyingi nilizopata baada ya hapo hazikuhusu homa kabisa. Zilihusu kishikwambi. "Nesi, nimnunulie mwanangu kile kidogo cha inchi 7 au kikubwa cha 10?" Mwanzoni nilicheka, maana kwetu wodini mtu akitamka tableti akili inaenda kwenye vidonge. Ila swali lenyewe ni la maana. Lina hela ya mama ndani yake, na lina mtoto ndani yake.

Jibu langu nawapa mapema ili mwenye haraka aende zake: kidogo ni kizuri kwa mtu mzima anayetembea na kazi yake. Kwa mtoto wa shule, chukua kikubwa kikae mezani. Kwa mtoto ambaye hajafika miaka miwili, usinunue chochote. Mwenye muda akae nimweleze kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo inchi. Zinapimwa kwenye kioo, kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili. Ndo maana ukisikia 7 na 10 usidhani ni tofauti ya vidole viwili. Kama vioo vina umbo moja, eneo la kile cha 7 ni karibu nusu tu ya kile cha 10. Cha 8 chenyewe hakifiki theluthi mbili. Muuzaji atakwambia "tofauti ndogo tu dada". Mwambie akuwekee vyote viwili kaunta, ulinganishe kwa macho yako.

Ubishi huu hatukuuanza sisi. Mwaka 2010, kampuni ya Apple ilipotoa iPad ya kwanza, kioo chake kilikuwa inchi 9.7. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, bosi wao Steve Jobs alisema hadharani kwamba inchi 7 ni ndogo mno, hadi akatania kuwa mnunuzi itabidi apewe na msasa asugue vidole viwe vyembamba. Wanunuzi nao walikuwa na yao. Mwaka 2011 Amazon wakaleta Kindle Fire ya inchi 7, mwaka 2012 Google wakaja na Nexus 7, kila moja ikianza na bei ya dola 199, na watu wakanunua. Oktoba 2012, mwaka mmoja baada ya Jobs kufariki, Apple wenyewe wakatangaza iPad mini ya inchi 7.9.

Tungesema basi, wanunuzi wamesema wanataka kidogo, kesi imeisha. Haikuisha. Simu nazo zikaanza kukua. Mtu mwenye simu ya inchi 6 na nusu mkononi akajiuliza, sasa hiki cha 7 nakitafutia nini? Ile iPad mini ikakaa kutoka 2015 hadi 2019 bila toleo jipya. Mimi nikiangalia historia hiyo naona watu hawakuupenda udogo kwa ajili ya udogo. Walitaka kitu cha kubeba. Simu ilipotosha kazi hiyo, wengi wakaridhika na simu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ukubwa, uliza: hiki kitu nakibeba kwenda wapi, na nani atakuwa amekishika?

Kwenye kazi jibu linakuja haraka. Wengi wetu neno kishikwambi tulilizoea wakati wa Sensa ya 23 Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba. Karani anayezunguka mtaa mzima juani, akisimama mlangoni kwa watu, hataki ubao wa kubeba kwa mikono miwili. Wenzetu wa chanjo ni hivyohivyo. Mikoa kama Arusha na Tanga ilitangulia kuandikisha watoto wa chanjo kwenye kishikwambi, na anayekwenda huduma ya mkoba kijijini tayari ana kibebeo cha chanjo begani, sindano, daftari na kadi. Ukimpa kitu kinachoingia mfukoni atakuombea dua.

Usiku mmoja tulibishana haya kwenye chumba cha zamu. Mwenzangu akaugonga mfuko wa gauni lake la kazi, akasema kama hakiingii humu sikitaki. Kaka mmoja wa maabara akasema yeye miaka yake ya herufi ndogo imeshapita, apewe kikubwa. Tukacheka. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa mkono wake na kwa macho yake.

Tatizo linakuja tukichukua jibu la kazini tukampa mtoto.

Wifi yangu anaishi hapahapa Mlandizi, ana biashara ya maandazi na chai karibu na stendi. Ana binti wa darasa la tatu na mdogo wake wa kiume, wakati huo alikuwa na mwaka na miezi kumi. Mgao wa kikoba ulikuwa unakaribia, akaja nyumbani kutaka ushauri. Kishikwambi cha dada mtu, cha kusomea. Moyo wake ulikuwa kwenye kile kidogo.

"Wifi, kikubwa nitakibebea wapi? Pochi yangu yenyewe ndo hii."

Nikamuuliza, "Kwani kitakuwa kinakwenda wapi? Si cha kusomea nyumbani?"

Akanyamaza kidogo. "Si unajua tena wifi. Kliniki foleni. Kwenye daladala ya Mbezi. Msibani. Nikimpa huyu mdogo anatulia."

Hapo ndo nikajua kishikwambi kilikuwa cha nani. Binti wa darasa la tatu alikuwa kisingizio tu, na nasema hivi kwa upendo, maana wangapi kati yetu hatujafanya hesabu hiyo? Mama ameamka saa kumi alfajiri kukanda unga. Mtoto analia kwenye gari limejaa, watu wanageuka kumwangalia yeye kana kwamba hajui kulea. Kitu kidogo cha kwenye pochi kinachomnyamazisha mtoto kwa dakika arobaini ni kama dawa. Simlaumu mama yeyote anayekitamani.

Lakini kubebeka ndiko kunakonitia wasiwasi. Kikubwa kina mahali pake. Kinakaa mezani, kikitoka kila mtu anaona, kikiwaka dada mtu na mama na hata bibi wanachungulia. Kidogo kinamfuata mtoto: kwenye mkeka, chooni, kitandani chini ya shuka. Kinaangaliwa na mtu mmoja. Na kwa sababu maandishi na picha ni ndogo, mtoto anakisogeza usoni. Kuangalia karibu kwa muda mrefu, siku baada ya siku, kunahusishwa na tatizo la kutoona mbali, na kinachosaidia kulinda macho ya watoto ni muda wa kutosha nje, kwenye mwanga wa mchana. Mlandizi nje tunapo, jamani. Tusiwafungie watoto ndani na kioo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto chini ya miaka 5. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka, asikalishwe mbele ya kioo. Wa mwaka mmoja, pia haishauriwi. Kuanzia miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mwandishi wa mwongozo hakusema "isipokuwa kioo kikiwa kidogo".

Sasa turudi kwa yule mdogo. Siku ile nilimwita jina mara tatu, hakugeuka. Nikamuuliza wifi ana maneno mangapi. Akahesabu kwa vidole, hakumaliza mkono mmoja. "Si wa kiume, wanachelewa," akasema. Mama zangu, hii sentensi naisikia kila wiki na inanipa homa. Mtoto anayekaribia miaka miwili tunategemea awe anaanza kuunganisha maneno mawili: "mama njoo", "nipe maji". Kama hana, asisubiri kwa sababu ni wa kiume, wala tusikimbilie kuilaumu simu. Kitu cha kwanza ni masikio. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kuongea vizuri, na kishikwambi hakihusiki hapo. Nikamwambia kabla ya hela ya kikoba kwenda Kariakoo, nauli ya hospitali itoke kwanza.

Walikwenda. Masikio yako salama. Wakashauriwa mtoto aongeleshwe zaidi, kioo kiwekwe pembeni, na arudi aangaliwe tena. Siwezi kuwaambia kwamba simu ya mama ndiyo iliyomchelewesha, watoto wanachelewa kwa sababu nyingi. Ninachoweza kusema ni kwamba maneno mtoto anayapata kwa mtu anayemjibu. Akisema "ba", mtu anamwambia "eeh, baba, baba yuko wapi?" Katuni haimsubiri amalize.

Na binti wa darasa la tatu? Yeye alistahili kishikwambi kweli, na hapa kuna habari njema kutoka nyumbani. Kati ya 2017 na 2019 mkoani Tanga kulikuwa na majaribio makubwa ya shindano la Global Learning XPRIZE, kwa kushirikiana na serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Karibu watoto 3,000 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Programu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi ya dola milioni 10 mwezi Mei 2019. Vishikwambi vyenyewe vilikuwa Pixel C, kioo cha zaidi kidogo ya inchi 10. Sidai kwamba ukubwa wa kioo ndio uliowafundisha. Waliofundisha ni masomo yaliyopangwa, ya lugha wanayoielewa. Ila mtoto anayejifunza kuandika "a" kwa kidole anahitaji nafasi ya kidole chake.

Mgao ulipotoka, wifi akanunua cha inchi 10. Kilizidi kile kidogo kama elfu themanini, akaongeza kwa kusubiri wiki tatu zaidi. Kina kava gumu, kinakaa juu ya kabati sebuleni, kinashushwa jioni baada ya kazi za shule. Kwenye daladala yule mdogo anapewa dirisha. "Lori! Ng'ombe! Lori lingine!" Wifi anasema amechoka kuhesabu malori ya barabara ya Morogoro, na kuna siku mtoto analia tu mpaka wanashuka. Maneno yameongezeka, bado si mengi tunavyotaka. Tarehe ya kurudi ipo kwenye kadi, na atarudi.

Kwa wewe unayekwenda dukani wiki hii, ya kwangu ni haya. Nenda na huyo atakayekitumia, akishike mwenyewe na asome ukurasa mmoja akiwa amekikalia mbali, angalau urefu wa kutoka kiwiko chake hadi ngumi. Uliza kama vipindi vinaweza kupakuliwa viangaliwe bila bando. Ubongo Kids na Akili and Me vimetengenezwa hapahapa Tanzania kwa Kiswahili, anza na hivyo. Weka hela ya kava kwenye bajeti tangu mwanzo. Nyumbani kichajiwe mahali ambapo mdogo hafiki, kisitumike kikiwa kwenye chaji, na kizimwe kama saa moja kabla ya kulala. Na kama baada ya maelezo yote haya bado unakitaka kile kidogo, kinunue, dada yangu, ila kiwe chako. Cha biashara yako, cha hesabu za kikoba. Kikae kwenye pochi yako na mtoto ajue ni cha mama.

Mwenye mtoto aliyefika miaka miwili bila maneno mawili ya kuunganisha, usisubiri sehemu ijayo ya mfululizo huu. Kesho asubuhi chukua kadi, nenda kliniki, uombe mtoto aangaliwe masikio.

Sehemu ya 10 tutaongelea mtoto anayekataa uji. Usiku mwema.