Umepangiwa kazi Makete? Nenda na watoto, jiko liache nje

Muuguzi mmoja mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, alipoona jina lake kwenye orodha ya ajira mpya za kada za afya, alisoma mstari wake mara tatu. Halmashauri ya Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Alikuwa amesubiri ajira muda mrefu. Ana watoto wawili, wa miaka tisa na wa miaka mitatu, na mume anayetengeneza simu Kariakoo. Siku za kuripoti kituoni zilikuwa za kuhesabu.

Kikao cha familia kilifanyika jioni ileile. Mama mkwe alikuwa na hoja moja tu. "Nendeni nyie, huyu mdogo mniachie. Huko kuna baridi kali, halafu na ule ugonjwa wao." Mume naye alikuwa na hesabu zake: fremu, wateja, kodi aliyokwisha kulipa. Wengi waliona heri mama atangulie peke yake, akae kidogo, kisha aombe uhamisho.

Kwa watumishi wengi wa umma, hilo ndilo linalofanyika. Baba yuko Ludewa, mama Tabora, watoto kwa bibi Morogoro, na mishahara inaishia kwenye kodi za nyumba mbili na nauli za likizo. Familia hii iliamua vingine, wala si kwa ushujaa wowote. Mama alikataa tu kumwacha mtoto wa miaka mitatu. "Nikitoka zamu ya usiku nitakuwa na usingizi, mama, lakini nitakuwa naye," alimwambia mkwewe. Mume aliomba miezi miwili ya kufunga mambo yake, kisha afuate.

Kutoka Dar es Salaam hadi Njombe ni zaidi ya kilomita 700. Ukipita Morogoro, Mikumi na mlima Kitonga, hewa inaanza kubadilika. Kuanzia Iringa masikio yanaanza kupokea salamu ya "kamwene", na Makambako wauza viazi wanakuja dirishani wamevaa makoti. Toka Njombe kwenda Makete kunabaki kilomita zaidi ya 100 za kona na mabonde. Wenyeji wanaikumbuka vizuri enzi ya matope, magari yakilala njiani msimu wa mvua. Sasa kuna lami kupitia Ndulamo, na jambo hilo pekee limebadilisha maana ya kupangiwa kazi huku.

Makao makuu ya wilaya yako Iwawa, mji mdogo ambao mgeni anaumaliza kwa miguu asubuhi moja: ofisi za halmashauri, hospitali ya wilaya, soko, stendi, maduka ya vifaa vya ujenzi, magogo na mbao kila upande. Viazi mviringo, ngano, maharage, mboga na matufaa vinapatikana. Samaki wa baharini msahau. Wenyeji wengi ni Wakinga, watu wanaofahamika nchi nzima kwa biashara, na mume alipofika alichekeshwa na jambo moja: Kariakoo alikuwa amepanga kwa Mkinga, na sasa amepanga tena kwa Mkinga.

Jambo la kwanza lililomsumbua mama jikoni lilikuwa maharage. Yalikataa kuiva. Mji uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka yakiwa na nyuzi joto kama 93 badala ya 100. Chakula kinachukua muda mrefu zaidi na mkaa mwingi zaidi. Kwa mzazi kuna la ziada hapo: maji ya kunywa yasiipuliwe mara tu yanapoanza kuchemka. Kwa maeneo ya mwinuko wa mita 2,000 na zaidi, ushauri wa kitaalamu ni kuyaacha yachemke kwa nguvu dakika tatu.

Halafu ikaja Juni. Kuanzia mwezi huo hadi Agosti, baridi ya Makete si ile ya Dar ambayo watu huitania kwa kuvaa sweta asubuhi. Huku maji ya ndoo yanauma vidole, na kwenye uwanda wa Kitulo nyasi huamka zimefunikwa na barafu nyembamba. Familia ilikuwa imekuja na blanketi mbili. Usiku wa tatu wa baridi kali, mama akiwa zamu, baba aliwasha jiko la mkaa uani, akasubiri moshi uishe, akaliingiza chumbani walikolala watoto. Akafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke.

Mkubwa ndiye aliyeamka. Kichwa kinauma, alisema, na anataka kutapika. Baba alidhani ni chakula. Alipojaribu kusimama amletee maji, miguu ikamlegea. Bahati yao mlango wa chumba ulikuwa karibu na kitanda. Alifungua, akamtoa mdogo amembeba, mkubwa akatambaa nyuma yake hadi uani, na mama mwenye nyumba akatoka kwa kelele zao. Wakapelekwa hospitali usiku uleule, wakawekewa oksijeni, na mama akawakuta huko akiwa na sare zake za kazi.

Kilichowapata kina jina: kaboni monoksaidi. Si ile hewa ya ukaa tunayoitoa tunapopumua. Ni gesi inayotoka pale mkaa au kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha, haina rangi wala harufu, na ikiingia kwenye damu inaing'ang'ania sehemu inayobeba oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kosa ambalo watu wengi hufanya ni kudhani moshi ndiyo sumu, kwa hiyo mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi, jiko ni salama. Sivyo. Mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kutoa gesi hiyo hadi unapozimika. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, na anayelala anaweza asizisikie kabisa. Watoto wanapumua haraka kuliko watu wazima, hivyo huathirika mapema.

Ukihisi hivyo wewe na wengine mliomo chumba kimoja, msikae kujadiliana. Tokeni nje kwanza, kisha nendeni hospitali hata kama mnajisikia nafuu baada ya kupata hewa.

Mama mwenye nyumba, bibi wa Kikinga aliyezaa na kulea kwenye baridi hiyohiyo, hakumgombeza baba. Alimwambia tu, "Baba, moto wetu una nyumba yake. Tunauota kule jikoni, wote, tunakula hapohapo. Kulala tunaenda na blanketi." Jiko lake la kuni liko kwenye kijumba cha pembeni chenye mwanya chini ya paa. Tangu usiku ule watoto wa wageni wanaota moto kwa bibi hadi saa mbili, wanakwenda kulala wakiwa na soksi, kofia na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa kwenye kitambaa. Siku ya gulio walinunua mitumba: masweta manne na blanketi nzito mbili. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya nauli ya kwenda Dar na kurudi. Mtu anayepanga bajeti ya kuhamia huku aanzie kwenye blanketi, sofa itafuata.

Baridi ina jambo lake jingine, nalo ni kifua. Mafua ya watoto ni ya kawaida, na wazazi wageni wanakuwa na hofu na kila kikohozi. Njia nyepesi ya kujua lipi ni la kusubiri na lipi ni la kukimbilia hospitali ni kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima, simu mkononi. Mtoto wa miezi miwili hadi chini ya mwaka akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, huenda ni nimonia, apelekwe kituo cha afya. Ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au anashindwa kunywa au kunyonya, usisubiri kuhesabu.

Na homa? Hapa ndipo mazoea ya Dar yanapowaponza wengi. Mzazi wa Mbagala akishika paji la uso likiwa la moto, anafikiria malaria, na wengine wananunua dawa mseto bila kipimo. Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini, na sababu kubwa ni baridi hiyohiyo inayolalamikiwa. Kimelea cha malaria hakiwezi kukua ndani ya mbu pale joto linaposhuka chini ya nyuzi kama 16. Mtoto anayeishi Iwawa mwaka mzima akipata homa, chanzo kina uwezekano mkubwa wa kuwa kingine, na kumpa dawa ya malaria ni kuchelewesha tiba ya kweli.

Lakini mtoto huyohuyo akienda Dar likizo ya Desemba, mambo yanageuka. Kinga kidogo ambayo mwili hujijengea kwa kuumwa na mbu mara kwa mara hupungua mtu akikaa mbali na malaria, na watoto wadogo hawakuwa nayo ya kutosha tangu mwanzo. Dalili huja wiki moja au mbili baada ya kung'atwa, wakati mwingine zaidi, yaani watoto wakiwa wamesharudi shule Makete ambako hakuna anayefikiria malaria. Ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wa familia hii mwezi Januari. Kilichosaidia ni sentensi moja ya mama yake dirishani: "Tumetoka Mbagala Jumamosi iliyopita." Kipimo cha haraka kilionyesha malaria, akaanza dawa siku hiyohiyo. Mzazi asiyekuwa muuguzi naye anaweza kuisema sentensi hiyo bila kusubiri kuulizwa.

Turudi kwenye "ule ugonjwa wao" wa mama mkwe. Ni kweli, takwimu za Njombe ni nzito. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na zaidi mkoani humo, dhidi ya 4.4 kwa nchi nzima. Makete ilizika watu wengi kabla dawa hazijapatikana kwa wingi, na ilibaki na yatima wengi waliolelewa na bibi zao. Ila namba hiyo haimhusu mtoto wa miaka mitatu anayecheza uani na wenzake. Inawahusu wazazi. Na kwa muda mrefu wataalamu wamekuwa wakitaja kuishi mbalimbali kwa wenzi, kwa sababu ya kazi na biashara, kuwa moja ya mambo yanayochochea maambukizi. Kwa hiyo takwimu ambayo mama mkwe aliitumia kuwatenganisha, ukiisoma vizuri, inashauri wakae pamoja na wapime pamoja.

Shule haikuwa na shida kubwa. Mkubwa alitoka shule yenye basi, sasa anatembea na kundi la watoto wa mtaa, na baada ya muhula mmoja alikuwa anatania kwa Kikinga mbele ya wazazi wasioelewa kitu. Kazi ya baba ndiyo iliyochukua muda. Wateja wa simu wapo, ila vioo na betri lazima viagizwe, na mtu wa Iwawa hana haraka ya kutengeneza simu inayopiga. Miezi minne ya mwanzo alikuwa baba wa nyumbani, jambo ambalo majirani waliliuliza kwa adabu na ndugu zake wa Dar bila adabu. Ni miezi ambayo mshahara mmoja ulibeba kila kitu, na wanandoa hawa wanasema ndiyo waliyogombana zaidi.

Siku moja ya Februari walipanda gari kwenda Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua ya porini, okidi kwa aina nyingi, huchanua pale wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili. Mizizi ya okidi hizo ilikuwa ikichimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kuwa chakula kiitwacho chikanda, na hiyo ni sababu mojawapo ya eneo hilo kulindwa. Mdogo hakujali historia hiyo. Alitaka kujua kama kuna nyoka.

Mama sasa anakaribia kutimiza muda ambao wenzake huanza kuandika barua za uhamisho. Mama mkwe hupiga simu kila Jumapili kuuliza ameandika lini. Barua bado. Wiki iliyopita mume amelipia fremu karibu na stendi, kodi ya miezi sita, na ameagiza vioo vya simu kutoka Kariakoo.