Nakata Niliyemsoma Mimi

Kijapani changu cha kusoma alinifundisha mcheza mpira. Nilifika Osaka mwaka 1999 kusoma lugha, na kijana Mjapani niliyeishi naye bwenini aliponiona ninahangaika na kitabu cha darasani, akanipeleka chumba cha kompyuta akanifungulia tovuti ya Hidetoshi Nakata, nakata.net. "Soma huyu," akasema, "anaandika kama anavyosema." Nikawa ninakwenda kila Jumamosi na kamusi yangu.

Nakata, mzaliwa wa Kofu, alikuwa Italia, ambako alikuwa amefungua msimu wa 1998 na Perugia kwa mabao mawili dhidi ya Juventus. Magazeti ya nyumbani aliyaona yanampindishia kauli. Ndipo akaanzisha tovuti yake mwaka huo huo, aseme mwenyewe. Leo kila mchezaji ana ukurasa wake, na pengine msomaji haoni ajabu. Kwetu pale bwenini ilikuwa ajabu kubwa. Mtu aliyekuwa akiwajibu waandishi kwa maneno mawili matatu alikuwa akituandikia sisi kwa utulivu, na wenzangu walizijadili sentensi zake kuliko pasi zake.

Mei 6, 2001, akiwa Roma, aliingia dhidi ya Juventus kuchukua nafasi ya Totti, timu ikiwa nyuma 2-0. Siku chache tu kabla, kanuni iliyokuwa ikiwabana wachezaji wasiotoka Umoja wa Ulaya, kama yeye, ilikuwa imelegezwa. Alifyatua kombora la mbali likatinga wavuni; kisha, dakika za majeruhi, shuti lake jingine kipa akalitema, mwenzake Montella akasawazisha. Mwishoni mwa msimu Roma ikatwaa ubingwa. Bwenini hatukulala.

Miaka mitano baadaye Japani ilifungwa na Brazili 4-1 mjini Dortmund, Nakata akajilaza chali katikati ya uwanja, muda mrefu, macho juu. Julai 3, 2006, akiwa na miaka 29, alitundika daluga. Hakuita waandishi. Aliandika barua ndefu kwenye tovuti yake, na magazeti yale yale yakalazimika kuinukuu.

Tangu hapo umaarufu wake mtandaoni umehamia mikononi mwa wengine. Vijana ambao hawajawahi kumwona akicheza wanarushiana vipande vya video: lile bao la mbali dhidi ya Juventus, pale alipolala Dortmund, suti zake kwenye maonyesho ya mitindo Ulaya. Wengine wanamjua kwa sake tu, maana alizunguka mikoa yote 47 ya nchi yake akiwatembelea mafundi na watengenezaji wa pombe hiyo ya mchele, na mwaka 2015 akaanzisha kampuni ya kuinadi duniani. Nafurahi kwamba hajasahaulika. Lakini kipande cha sekunde ishirini kinamwonyesha Nakata akiwa kimya, na yule niliyemjua mimi alikuwa mtu wa maneno. Aliyapigania ili yawafikie watu bila kukatwa, na sasa kinachozunguka ni vipande tu.

Barua ile ya kuaga niliichapa siku ile ile. Nimeikunja ndani ya kamusi yangu ya Kijapani, na pembeni mwa karatasi kuna maneno kumi na moja niliyoyaandikia maana kwa Kiswahili, kwa penseli.