Tanzia ya Siku ya Mwisho ya Safari

Familia za wasafiri wa Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, mjini Goma, zinasikitika kutangaza kifo cha siku ya mwisho ya safari, ile siku moja ambayo mtu peke yake juu ya pikipiki aliondoka Kanyabayonga alfajiri na usiku uleule akalala kitandani kwake. Marehemu alifariki tarehe 29 Oktoba 2022, waasi wa M23 walipoingia Kiwanja na Rutshuru. Alikuwa mahututi tangu tarehe 13 Juni, Bunagana ilipoanguka. Ndugu mlioko Bunia, Kisangani na Kampala mtusamehe kwa kuchelewa kuwaarifu. Tulikuwa bado tunamwangalia kama atafumbua macho.

Alizaliwa baada ya vita kubwa kwisha mwaka 2003, pikipiki za kutoka India, Boxer na TVS, zilipoanza kujaa mjini. Kabla yake barabara ya taifa namba 2, karibu kilomita 300 kutoka Butembo hadi Goma, ilikuwa mali ya malori. Ulipanda juu ya magunia, ukafika lori lilipopenda kufika. Yeye ndiye aliyempa mtu wa kawaida uwezo wa kujiamulia saa ya kuondoka, mahali pa kupumzika na nani wa kusalimia njiani. Waliotoka Kisangani walikuwa wamekwisha kupita Mambasa, Komanda na Beni, siku na siku za tope na kusukuma. Hizo hakuna anayezililia. Ya mwisho ilikuwa na tabia nyingine kabisa.

Ilianza na baridi ya Kanyabayonga, makoti mawili na karatasi ya nailoni kifuani. Halafu mteremko wa Kabasha, injini imeachwa ivute kwenye gia ya pili, nyani wamekaa kwenye kona kama wakaguzi, na chini kabisa Ziwa Edward likimetameta. Ukifika bondeni joto linakuvua koti moja. Hapo ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, ya kwanza barani Afrika. Barabara inapita katikati ya nyasi, swala wanainua vichwa, na hoteli ya zamani ya Rwindi imebaki kando ikimkumbuka mtalii. Mwaka 2020 mamia ya tembo walivuka kuja huku kutoka hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, na dereva wa pikipiki alijifunza upya kusoma mavi barabarani: yakiwa bado na mvuke, unapunguza mwendo. Katika miaka ya utekaji nyara kipande hiki kilipitwa kwa msafara wenye askari, na mwenye pikipiki alikula vumbi la malori yote. Simpambi marehemu. Alikuwa na siku zake za ukatili, na si kila aliyeondoka Kanyabayonga aliiona Mabenga kule mbele.

Lakini nikitaja alichokuwa akikifanya vizuri kuliko yeyote, nitataja mzigo. Mtu hatoki safarini mikono mitupu, na barabara ile ilijua jambo hilo. Kutoka Lubero ulikuwa na viazi nyuma, vimefungwa kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Kirumba uliongeza maharage. Karibu na Rwindi ulikuta samaki wa Vitshumbi, wamekaushwa kwa moshi, wakaning'inizwa kwenye usukani kwa kuwa hawatakiwi kugusana na maharage. Kiwanja ilikupa mkungu wa ndizi. Kwenye vizuizi ulisikia, "Papa, utuachie ya maji," ukaacha ya maji. Kibumba ndipo ilipokuwa hatari, maana baridi inarudi, ukungu unashuka kutoka mlima Mikeno, na wamama wa kabichi wanajua kwamba umechoka na huwezi kubisha bei. "Baba, watoto watakula nini, viazi vikavu?" Kabichi mbili, fungu la karoti. Sasa pikipiki haionekani, kinachoonekana ni soko linalotembea.

Ukiingia Mabanga, mama wa nyumba alifungua mipira ile mmoja mmoja, na hakuwa na haja ya kuuliza ulipita wapi. Kama samaki hawakuwapo, alijua hukusimama Rwindi, na akataka kusikia kwa nini. Kama kabichi hazikuwapo, alijua giza lilikukuta Kibumba. Majirani walipata fungu lao kupitia juu ya ua. Mita mia za mwisho, juu ya mawe meusi ya volkano ambayo ndiyo sakafu ya mtaa wetu, ziliumiza mgongo kuliko bonde zima la Rwindi. Ni kweli tupu, na kila dereva atakuapia.

Marehemu alikuwa mtu wa kuugua na kupona. Oktoba 2008 waasi wa Nkunda walichukua Rutshuru. Julai 2012 M23 ikafanya vilevile, na ndugu yetu akalala hadi Oktoba 2013. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilimwaga lava ikaikata barabara nje kidogo ya mji, na hata hapo hakufa: watu waliukanyaga ule mwamba ungali wa moto. Ukiangalia tarehe hizo utaona kwamba Oktoba ndiyo iliyompiga, na ndiyo iliyomponya.

Najua watakaonipinga. Watasema barabara ipo pale pale, pikipiki zinapita vipande vipande, kwa hiyo ninamzika mtu aliye hai. Jibu langu ni hili: Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka, Januari 2025 Goma yenyewe, na serikali ya mkoa ikahamia Beni. Kati ya Butembo na Mabanga kuna tawala mbili na mstari wa mapigano unaosogea. Anayepita leo anapita kwa kuhesabu vizuizi na bahati. Mwingine anazunguka Kasindi, Kasese, Mbarara, hadi Gisenyi, nchi mbili za watu, ili afike mtaa wa pili ndani ya mkoa wake. Kurudi Goma kwa njia hiyo ni kuingia nyumbani kwako kupitia mlango wa jirani: unafika kweli, ila unaomba ruhusa, na huwezi kubeba samaki.

Ameacha wafanyabiashara wa vitunguu wa Butembo, wavuvi wa Vitshumbi, wauza mafuta ya chupa tunaowaita Kadhafi waliokaa kando yake, mafundi wa Kiwanja waliobandika viraka kwa mwanga wa simu, na madereva wa teksi za pikipiki wa Goma. Hao wa mwisho ndio wanaonisumbua. Waliopata pikipiki zao baada ya 2022 wanaujua mji huu kona kwa kona, na bei ya kutoka Majengo hadi Ndosho wanaitaja kabla hujafunga mdomo. Nilimwuliza mmoja Butembo ni mbali gani. Akaniuliza kama nina pasipoti.