Nyumba za Magurudumu Jangwani

Leo tusafiri bila nauli. Tunakwenda Marekani, katika jimbo la Arizona, kwenye mji mdogo uitwao Quartzsite.

Mji huu uko jangwani. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100 tu. Sisi tunasema Dodoma ni kukavu, lakini Dodoma hupata zaidi ya milimita 500. Wakati wa joto, Quartzsite hupita digrii 40. Wakazi wake ni kama 2,400 kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020. Kata nyingi za kwetu zina watu wengi kuliko hao.

Lakini fika hapo mwezi wa Januari. Utaona magari mpaka macho yachoke. Mengine yana urefu wa basi. Haya si ya abiria. Ni nyumba. Ndani mna kitanda, meza, jiko, bafu na choo. Tuyaite magari-nyumba. Wenye magari hayo wengi ni wazee waliostaafu. Kwao kaskazini, Januari ni mwezi wa theluji. Hapa jangwani mchana ni kama digrii 20, na jua linawaka. Basi huja, hukutana, huangalia maonyesho ya magari na vifaa, na huzungumza.

Mikutano ya namna hii si mipya. Mwezi wa Julai 1963, familia 26 zenye magari-nyumba zilikutana Hinckley, katika jimbo la Maine. Zilikwenda kutazama jua likipatwa. Hapo hapo zikaanzisha chama chao.

Mgeni wa zamani

Jangwa hili lilipata wageni wengine zamani. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia ili wabebe mizigo katika nchi kavu. Waliletwa pia watu wanaojua kuwachunga. Mmoja aliitwa Hadji Ali, mtu wa upande wa Shamu. Wamarekani hawakuweza kulitamka vizuri jina lake, wakamwita Hi Jolly. Alifariki Quartzsite mwaka 1902. Mwaka 1935 alijengewa kaburi la mawe lenye umbo la piramidi, na juu yake pana sanamu ya ngamia. Wasafiri hulitembelea hadi leo.

Ngamia anaweza kukaa siku nyingi bila kunywa maji. Mwenye gari-nyumba hawezi, kwa hiyo lazima aje na maji yake.

Tuseme wewe ndiye mgeni

Tuseme umepata gari-nyumba, na huu ndio mkutano wako mkubwa wa kwanza. Utajiandaaje?

Kwanza, piga hesabu ya maji. Huko uwanjani hakuna bomba mlangoni pako. Tuseme tangi lako lina lita 300. Mko wawili, na kwa siku mnatumia lita 30 kwa kunywa, kupika, kuosha vyombo na kuoga. Gawa 300 kwa 30. Unapata siku 10. Mkitumia lita 60 kwa siku, mtakauka siku ya 5.

Pili, fikiri maji yanakokwenda. Gari-nyumba lina tangi la maji ya kuoshea na tangi la choo. Nayo hujaa. Ni marufuku kuyamwaga chini. Yapo mahali maalumu pa kumwagia. Watu maelfu wakimwaga ovyo, uwanja utanuka na maradhi yataingia.

Tatu, fanya jaribio nyumbani. Wazoefu humshauri mgeni alale siku mbili ndani ya gari lake akiwa bado kwake, bila kuunganisha bomba wala umeme wa nyumba. Hapo ataona maji yanaisha lini, betri inakufa lini, na nini kimesahauliwa. Ni afadhali kuyaona hayo karibu na duka kuliko jangwani.

Nne, lijue gari. Pima upepo wa matairi. Andika kimo cha gari kwenye karatasi, uibandike mbele ya dereva. Akifika kwenye daraja lililo juu ya barabara, atajua kama atapita.

Mahali pa kukaa

Ardhi kubwa ya pale ni ya serikali. Tangu mwaka 1983 serikali imetenga maeneo ya wageni wa muda mrefu. Moja ni La Posa, lenye zaidi ya ekari 11,000. Mgeni hulipia kibali, naye anaweza kukaa kati ya tarehe 15 Septemba na tarehe 15 Aprili. Zipo taratibu. Kati ya makazi na makazi pawe na nafasi ya mita nne na nusu hivi. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi pawe na utulivu.

Usiegeshe ndani ya korongo kavu, hata kama mchanga ni laini na pana kivuli. Mvua inaweza kunyesha milimani, mbali nawe. Juu yako mbingu ni nyeupe, kumbe maji yanakuja.

Adui asiyeonekana

Ndugu msomaji, hapa nakuomba usome polepole.

Usiku jangwani ni baridi. Watu hufunga madirisha. Nje jenereta inanguruma, au ndani moto wa gesi unawaka. Moto wowote ukikosa hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu. Gesi hiyo haina rangi. Haina harufu. Mtu aliyelala huivuta, asiamke tena. Kwa hiyo kila gari-nyumba linatakiwa liwe na kengele ya kuitambua gesi hiyo. Mgeni huijaribu kabla ya safari. Jenereta huwekwa au huelekezwa ili moshi wake usiingie kwake wala kwa jirani.

Sisi wengi hatuna magari-nyumba. Jiko la mkaa tunalo. Gesi ni ile ile. Msimu wa baridi, mtu huingiza jiko chumbani ili watoto wapate joto, akafunga mlango. Husema mkaa umeshaiva, hauna moshi. Si kweli kwamba hauna hatari. Makaa mekundu yasiyo na moshi nayo hutoa sumu hiyo. Usilale na jiko la mkaa chumbani hata siku moja. Mkihisi kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje wote mara moja, mwende hospitali.

Na wewe utasafiri

Huenda mwaka huu kikundi chenu kitakwenda maonyesho ya Nane Nane, au mtaalika watu harusini. Wingi wa watu ni mmoja, huko na hapa. Kabla ya siku kufika, ulizeni mambo manne. Maji yatatoka wapi? Choo kiko wapi? Tutalala wapi? Moto utawaka wapi?

Majibu msiyaweke kichwani. Yaandikeni. Wale wazee wa jangwani wamesafiri miaka mingi, na bado kabla ya kuwasha gari husoma orodha yao mstari kwa mstari. Wewe sasa unajua kuandika. Chukua kalamu, uanze na maji.