Punda Hakupewa Mwaka

Basi linapoiacha Kintinku na kuanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, nchi inabadilika sura. Majaruba ya mpunga ya Bahi yamebaki nyuma, mbele ni vichaka vikavu na upepo ambao wenyeji wa Singida wameuzoea tangu utotoni. Mimi nilikuwa naupata kwa mara ya kwanza. Nimezaliwa pwani, nikasoma Dodoma, na miaka yote Singida kwangu lilikuwa jina kwenye vibao vya mabasi yaendayo Mwanza.

Safari ilitokana na mwaliko. Rafiki yangu, Mnyaturu wa wilaya ya Ikungi, nilisoma naye Kichina katika Taasisi ya Confucius iliyofunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2013. Alitaka nikawaone watu wa kwao wakati wa mavuno ya alizeti. Nilimbebea bibi yake doti ya khanga, pamoja na kalenda ya ukutani ya Kichina ya mwaka 2026, yenye picha ya farasi mwekundu katikati na wanyama wengine kumi na mmoja wamemzunguka. Khanga ilipokelewa kwa vigelegele. Kalenda ndiyo iliyozua mazungumzo ninayotaka kuyaandika hapa.

Wachina huipa kila mwaka mnyama wake, kwa mzunguko wa miaka kumi na miwili: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, nyani, jogoo, mbwa, nguruwe. Mwaka wao hufuata mwezi, kwa hiyo huanza siku yoyote kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa Januari bado ni wa mnyama wa mwaka uliopita. Mnyama huyo humwachia mtu tabia. Wa panya ni mwerevu na mwepesi wa kuona faida, wa ng'ombe ni mvumilivu na hageuzwi kauli, wa chui milia ni jasiri na mwenye hasira za karibu, wa nyoka ni mtu wa siri na fikra ndefu. Kuna faida nyingine ambayo mwalimu wetu aliisifu sana: badala ya kumwuliza mtu mzima umri wake, unamwuliza mnyama wake, ukahesabu mwenyewe kimyakimya. Heshima inabaki mahali pake.

Manyoni basi lilisimama na madirisha yakajaa mikono. Asali kwenye chupa, karanga, na kuku. Singida ni mkoa wa kuku wa kienyeji. Wanaliwa Dodoma, wanaliwa Dar es Salaam, na safari yao huanzia kwenye vituo kama hiki. Kijana mmoja alininyanyulia jogoo mwekundu hadi usawa wa uso wangu, akampulizia manyoya ya kifuani ili nione nyama iliyo chini yake. Jogoo alikuwa ametulia, kichwa juu, jicho moja limenitazama bila kupepesa. Wachina wanasema mtu wa mwaka wa jogoo, kama waliozaliwa 1981, 1993 au 2005, hutunza muda, hupenda kupendeza, na husema ukweli hata pale usipotakiwa. Nilipomtazama yule pale Manyoni niliona jinsi maneno hayo yalivyopatikana. Watu waliokaa na kuku kizazi hadi kizazi ndio waliyaona, na wa Manyoni wangeweza kuyasema vilevile bila kupitia China.

Baada ya Issuna mawe yanaanza. Miamba ya matale imesimama mashambani, mingine imebebana kana kwamba iliwekwa kwa mkono, na nyumba zimejengwa katikati yake. Mji wa Singida wenyewe uko kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Tulilala mjini, asubuhi tukarudi njia ileile hadi Ikungi, na kutoka barabarani tukachukua bodaboda kuelekea kijijini.

Nyumbani tuliwakuta wamo kazini. Vichwa vya alizeti vilikuwa vimeanikwa uwanjani, na shangazi wawili wakivipiga kwa fimbo mbegu zitoke. Bibi alikuwa anapepeta. Tulimwamkia, akatuitikia "Marahaba, wajukuu zangu," akaninyooshea kigoda. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kila mtoto aliyepita alijua kwamba mimi ndiye mgeni wa kutoka pwani.

Kalenda ilifunguliwa jioni, baada ya ugali wa mtama na mlenda. Rafiki yangu alianza kwa kutafuta mwaka wa bibi. Cheti cha kuzaliwa hana. Mama yake alimwambia kwamba alizaliwa wiki bendera ya Uhuru ilipopandishwa, basi ni Desemba 1961. Kwa hesabu ya Wachina huo ni mwaka wa ng'ombe. Kisha kila mtu akaleta tukio lake: huyu alizaliwa watu walipohamishiwa vijijini mwaka 1974, yule mwaka vita vya Kagera vilipoanza, 1978. Wa 1974 akawa chui milia, wa 1978 akawa farasi. Niliona jambo ambalo darasani halikunigusa. Kalenda ya wanyama na kumbukumbu za bibi zinafanya kazi moja, ya kumfunga mtu na mwaka wake pale ambapo karatasi haipo.

Bibi aliposikia sifa za ng'ombe hakusita. Nyuma ya nyumba walikuwepo maksai wawili wanaovuta plau, na yeye aliwafahamu mmoja mmoja. Yule wa kushoto, alisema, ndiye anayelima. Wa kulia anamfuata tu. Kwa hiyo tabia ya ng'ombe ni ipi? Ya kushoto au ya kulia? Ni swali zuri kuliko mengi niliyosikia darasani. Ng'ombe katika nchi hii si picha. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1970, kuonyesha kwamba mifugo yao ni mali inayohesabiwa kwa akili: nafaka ya ziada hugeuzwa kuwa mifugo, na mifugo huoa, hulipa na huweka akiba. Watu wanaomhesabu mnyama hivyo hawawezi kukubali upesi kwamba ng'ombe wote ni tabia moja.

Sungura ndiye aliyeleta ubishi mkubwa. Rafiki yangu ni wa 1999, mwaka wa sungura, na kwa Wachina huyo ni mtu mpole, mwenye adabu, anayekimbia ugomvi. Shangazi zake walikataa kwa sauti moja. Sungura wanayemjua wao ndiye anayemdanganya fisi, anayemwachia tembo aibu, anayekula cha wenzake na kuondoka salama. Katika hadithi ya Kichina ujanja huo ni wa panya, aliyepanda mgongoni kwa ng'ombe wakati wa mashindano ya kuvuka mto, akaruka mwishoni na kuwa wa kwanza. Kwetu hadithi humpa sungura. Mnyama ni yuleyule mwenye masikio marefu, na kila taifa limemvika nguo yake.

Nilipofika kwenye chui milia, mzee jirani aliyekuwa amekaa kimya aliomba tumwache mnyama huyo na simba pia. Alikuwa na haki. Singida wakati wa utawala wa Waingereza, hasa kati ya mwaka 1946 na 1948, watu wengi waliuawa, ikadaiwa kuwa ni simba, na baadaye binadamu wakafikishwa mahakamani kwa kuhusika. Habari za simba-watu wa Singida zimeandikwa sana. Schneider mwenyewe alizichambua upya katika makala ya mwaka 1962. Mzee hakutaka kuzirudia mbele ya watoto, nami sitazirudia hapa. Lakini ukimya wake ulinifundisha kwamba kumvika mtu tabia ya mnyama si mchezo kila mahali. Japani, mwaka 1966 ulipokuwa wa farasi wa moto, watoto waliozaliwa walipungua kwa karibu robo, kwa sababu ya imani kwamba msichana wa mwaka huo ataleta balaa kwa mumewe. Mwaka 2026 ni wa farasi wa moto tena, wa kwanza tangu ule, maana mzunguko kamili wenye wanyama kumi na wawili na asili tano huchukua miaka 60.

Ndipo bibi alipoinyanyua kalenda karibu na taa, akamtazama yule farasi mwekundu, akauliza, "Na punda yuko wapi?"

Tulimwambia hayumo. Akauliza alikosa nini. Farasi, alisema, yeye hajawahi kumwona akifanya kazi; punda anamwona kila alfajiri. Hilo nililishuhudia kesho yake. Kabla jua halijatoka, mjukuu mdogo alimfunga punda jike sogi, akamtia madumu manne ya lita ishirini, wakaondoka kwenda kisimani. Waliporudi mtoto alikuwa nyuma kwa mbali anacheza na wenzake. Punda alikuja peke yake kwa njia aliyoijua, akapita kando ya shina la mbuyu lililoanguka, akasimama mlangoni kwa bibi na kungoja kupunguziwa mzigo. Ana alama nyeusi ya msalaba mgongoni, kama punda wengi wa kwetu, na mahali kamba inapopita manyoya yameisha. Bibi alimmwagia maji ya kwanza yeye kabla hajajaza mtungi.

Methali zetu zimemtendea vibaya mnyama huyu. Tunasema shukrani ya punda ni mateke, tunasema punda afe mzigo ufike. Ukaidi wake tumeugeuza tusi. Wafugaji wanajua kwamba punda akisimama njiani na kugoma, mara nyingi ameona au amesikia kitu: farasi hukimbia akiogopa, punda husimama na kupima. Kama ningeulizwa tabia ya mtu wa mwaka wa punda, ningesema ni mtu anayekumbuka njia, hachoki upesi, hakubali kusukumwa kuingia hatarini, na huishi miaka mingi akihudumia nyumba moja. Kubadilisha mnyama si kosa kwa kalenda hii. Wavietnamu walimtoa sungura wakamweka paka, na mahali pa ng'ombe wakaweka nyati wa majarubani. Wakazakh mahali pa chui milia wana chui wao wa milimani. Singida ina kila sababu ya kumweka punda mahali pa farasi.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya kilichowapata punda wetu. China inatengeneza dawa ya asili iitwayo ejiao kwa kuchemsha ngozi za punda hadi zitoe gundi, na umaarufu wake wa zamani unatoka Dong'e katika jimbo la Shandong. Zamani ilikuwa ya wachache. Uchumi ulipokua, wanunuzi wakawa wengi. Punda wa China wenyewe walikuwa takriban milioni 11 mwaka 1992, na miaka 25 baadaye hawakufika milioni 3. Wanunuzi wakageukia Afrika. Tanzania vilijengwa viwanda vya kuchinja punda Dodoma na Shinyanga, na Singida iko katikati ya mikoa hiyo miwili. Bibi alinieleza walivyokuwa wakiwafunga punda ndani ya nyumba usiku, kwa hofu ya wezi. Shirika la The Donkey Sanctuary linakadiria kwamba biashara ya ngozi inahitaji takriban punda milioni 5.9 kila mwaka duniani. Hakuna ufugaji unaoweza kufidia hilo, kwani punda jike hubeba mimba kwa karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja tu.

Punda akiibwa, maji hurudi kichwani kwa mwanamke na mtoto wa kike. Hesabu ni nyepesi na inaumiza: madumu manne ya punda ni safari nne za mtu, kabla ya shule.

Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo kwa miaka kumi. Desemba 2022 Dar es Salaam ilipokea mkutano wa Afrika nzima kuhusu punda, na Februari 2024, Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulipitisha uamuzi wa kusitisha kuwachinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15 barani kote. Nilipowasomea habari hiyo pale uwanjani, mzee yule jirani aliuliza nani atalinda mnadani, maana Addis ni mbali. Sikuwa na jibu bora kuliko lake mwenyewe: watu wa mnada wanajuana.

Kwa hiyo msomaji, ukiwa Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni au popote punda anapochota maji, ukiuziwa punda dai kibali na umjue mwenyewe aliyemfuga. Ukiona kundi la punda linaswagwa usiku, mpigie mtendaji wa kijiji usiku huohuo, usingoje asubuhi.